Mlio Kwenye Gia ya Tatu

Kiharusi kilipompiga baba kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote, kikamwachia neno moja tu: ndiyo. Ukimuuliza kama ana njaa, ndiyo. Ukimuuliza kama ameshiba, ndiyo. Siku moja dada yangu alikuja kumsalimia, akaniambia nisimame pale nisikilize, kisha akainama mbele ya kiti cha baba.

"Baba, wewe ni mwanamke?"

"Ndiyo," akasema baba, kwa sauti ileile aliyokuwa akiwaambia wateja kwamba gari lao limepona.

Dada alicheka mpaka akashika kiuno. Halafu aliingia jikoni, na huko nikasikia kicheko kimegeuka kitu kingine. Alipotoka uso ulikuwa umeoshwa, na uamuzi ulikuwa umeshapita.

"Hayumo tena," akaniambia. "Mwili upo, mwenyewe hayumo. Namchukua."

"Yumo. Hawezi kusema tu."

"Juzi alianguka bafuni. Ulikuwa wapi?"

Nilikuwa chini ya lori la mteja, injini inanguruma, na yeye alijua.

"Unamwachia redio unaingia chini ya gari," akasema. "Akianguka tena utamsikiaje? Kwangu ana chumba, ana mtu wa kumwangalia mchana kutwa."

"Kwako ni ghorofa ya tatu. Atashuka lini?"

"Kwani hapa huwa anakwenda wapi?"

Dada yangu ana mdomo, na kibaya zaidi mara nyingi huwa ana haki. Mimi niliacha shule darasa la sita nikaenda kushika spana kwa baba. Yeye alisoma mpaka vitabu vikamkimbia. Lakini tukianza kugombana tunakuwa sawa, maana wote tumechukua ulimi kwa marehemu mama. Tuligombana siku ile mpaka baba akafunga macho. Mwisho dada akanipa nafasi moja.

"Jumamosi nakuja na begi. Ukinionyesha kwamba anaelewa, basi nitamuuliza yeye mwenyewe, na atakalotaka ndilo nitakalofanya. Usiponionyesha, usinizuie mlangoni."

Nikakubali. Sikujua nimekubali kitu gani.

Uani kwetu, mbele ya gereji, kulikuwa na gari la baba mwenyewe. Ni la zamani, limenizidi umri, lina vioo vya pembetatu mbele ya milango na usukani mwembamba kama ukingo wa sinia. Tuliliita Shangazi, kwa sababu likiwashwa lilianza kulalamika na halikunyamaza mpaka lizimwe. Malalamiko yalitoka kwenye giaboksi. Zamani yalikuwa manung'uniko tu, lakini miezi ile yalikuwa yamegeuka kilio, hasa kwenye gia ya tatu.

Nilikuwa nimekwisha kuishusha giaboksi ile mara mbili. Mara ya kwanza nilibadilisha beringi ya klachi. Kilio kikabaki. Mara ya pili nikabadilisha beringi ya mbele, ile ya shafti inayopokea nguvu kutoka kwenye injini. Kilio kikabaki, tena nadhani kikaongezeka, au ni hasira zangu. Tatizo ni kwamba giaboksi ile haina kitabu. Baba aliiunda mwenyewe kutoka maboksi mawili yaliyokufa, na shafti moja akachongesha kwa fundi wa kerezo ambaye naye ameshafariki. Mtu pekee aliyejua kilichomo ndani alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na mlango, hatua chache kutoka nilipolala na mafuta usoni.

"Baba, ni ya mbele?"

"Ndiyo."

"Au ni ya nyuma?"

"Ndiyo."

"Au nikalichome moto hili gari nipumzike?"

"Ndiyo."

Nikairusha spana ukutani. Baba akaitazama ilipoangukia, kisha akanitazama mimi, kama unavyomtazama mtoto aliyevunja sahani ya watu. Nikaenda kuiokota.

Wazo lilinijia Jumamosi yenyewe, asubuhi. Nilikuwa nimemkalisha kwenye kiti cha abiria apate hewa, kama nilivyozoea. Mkono wake wa kulia, ule uliokufa, ulilala kando ya mkono wa gia. Nikakaa kwenye usukani, nikawasha, nikaingiza gia, na nikiwa naingiza ndipo nikaona mkono ninaoutumia. Ni wa kushoto. Na mguu unaokanyaga klachi ni wa kushoto. Kile kiharusi kilikuwa kimemwachia baba viungo viwili tu vya maana, na ndivyo hivyo giaboksi inavyovitaka. Miezi yote ile nilikuwa namkalisha upande mbaya wa gari.

Nikazima, nikapandisha gari kwa jeki upande wa nyuma, nikaweka stendi za chuma chini yake, magurudumu ya nyuma yakabaki hewani. Ya mbele nikayazuia kwa mawe. Nikakaza skrubu ya kabureta ili injini iende juu kidogo bila mtu kukanyaga mafuta. Kisha nikamnyanyua baba, nikazunguka naye upande wa pili, nikamkalisha kwenye usukani na kumwekea mto ubavuni asiegemee mlango.

Dada akaingia getini na begi lake wakati namnyooshea mguu kwenye klachi.

"Umemweka baba kwenye usukani?"

"Magurudumu yako hewani. Haendi popote."

"Ndicho ninachokuambia siku zote."

"Ingia nyuma ukae. Na mara moja katika maisha yako, nyamaza."

Aliingia, begi mapajani. Mimi nikakaa kiti cha abiria, nikanyoosha mkono nikawasha injini.

Kwa muda baba hakufanya kitu. Alitazama mbele, kwenye ukuta wa gereji. Nikahisi macho ya dada kisogoni kwangu. Halafu mguu wa kushoto ukakanyaga klachi. Ule mngurumo mdogo unaosikika gari likiwa nyutro, bila gia, ukakatika. Akaachia, ukarudi. Akakanyaga, ukakatika. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, sikio moja chini, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo na sote tukiambiwa tusiongee.

"Anafanya nini?" dada akauliza.

"Anaitoa klachi kwenye kesi. Klachi ingekuwa na shida, ingelia anapoikanyaga."

Mkono wa kushoto ukaingiza gia ya kwanza, taratibu, bila kukwaruza. Mimi mwenyewe Shangazi hunikwaruzia. Mlio ukapanda. Gia ya pili, mlio. Ya tatu, mlio, lakini mdogo, si kile kilio ninachokijua barabarani, maana magurudumu yakizunguka hewani giaboksi haibebi mzigo wowote. Nikafikiri tumekwama hapo.

Baba akautoa mkono kwenye gia, akaupeleka kwenye breki ya mkono, akaivuta kidogo. Si kuifunga, kidogo tu. Magurudumu yakawa mazito, injini ikahema, na giaboksi ikalia kilio chake chote, mpaka dada akaziba masikio.

Mimi sikuwa nimeliwaza hilo. Hayo si mazoea ya mkono. Mkono uliozoea huingiza gia tu. Huyu mtu alikuwa ameona kwamba gari liko hewani, kwamba halina mzigo, na akatafuta njia ya kulibebesha mzigo. Akaachia breki, akaweka ya nne, akavuta breki tena vilevile. Injini ikahema, lakini giaboksi ikanyamaza, karibu kimya kabisa.

Akanigeukia. Alikuwa ananingoja.

"Shafti ya chini," nikasema. "Kwenye gia ya nne nguvu inapita moja kwa moja, shafti ya chini inazunguka bila kazi. Kwenye zile nyingine ndiyo inayobeba. Beringi zake ndizo zimekwisha. Dada, umeona? Umeona alivyovuta breki?"

Nikamweleza mara mbili, maana hajui gari zaidi ya kufungua mlango. Alisikiliza. Nilipomaliza alikuwa ameweka kiganja begani kwa baba.

"Yumo," akasema.

"Nilikuambia."

"Yumo, na mimi miezi yote hii nimekuwa nikizungumza juu ya kichwa chake." Akasogeza begi pembeni. "Nilimuuliza kama ni mwanamke."

"Atakuwa alicheka moyoni."

"Sidhani kama alicheka."

Akashuka, akazunguka mpaka dirishani kwa baba, akainama. Alitimiza ahadi, siwezi kumsema vibaya.

"Baba, nisikilize. Unataka kubaki hapa?"

"Ndiyo."

Dada akafumba macho kidogo, akafumbua.

"Unataka kuja kukaa kwangu?"

"Ndiyo."

Injini ilikuwa bado inanguruma.

"Tumia gia," nikasema. "Baba, angalia hapa. Ukitaka kubaki na mimi, weka ya kwanza. Ukitaka kwenda kwa dada, weka ya nne. Umenielewa? Ya kwanza hapa, ya nne kule."

Akanitazama kwa makini. Akakanyaga klachi, akaweka ya kwanza.

Nikamgeukia dada na mdomo wazi, na kabla sijatoa neno baba akaweka ya pili. Kisha ya tatu, akavuta breki, kilio. Kisha ya nne, breki, kimya. Akarudi mwanzo. Safari hii alikwenda polepole zaidi, akisimama kwenye kila gia, akinitazama kila mara kuhakikisha ninafuata. Alidhani bado hatujaelewa kilichoharibika. Alikuwa anatufundisha.

"Ameweka zote," dada akasema.

"Nimeona."

"Nimeamini, mdogo wangu. Ulitaka nione, nimeona. Sasa nifanye nini?" Akajifuta pua kwa ukosi wa gauni. "Afadhali nisingeona."

Nilitaka kumwambia amwache. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini aliniuliza swali lilelile, sasa kwa sauti ndogo, bila ukali wowote: akianguka tena utamsikiaje? Kazi yangu ni kelele. Siwezi kuifanya bila kelele, na bila kazi hatuli, mimi wala yeye.

"Teksi inasubiri," dada akasema baadaye.

Nikazima injini. Baba akashtuka, akanitazama, kisha akaelekeza kidevu chini ya gari. Alikuwa ananiambia niingie nikaishushe giaboksi. Kushusha, kufungua na kurudisha ni kazi ya siku nzima na zaidi, na teksi ilikuwa getini.

"Nitaifanya, baba. Nitaifanya wiki hii."

Nikafungua mlango, nikatoa mto, nikapitisha mkono mgongoni kwake. Dada akashika miguu. Tulipomnyanyua hakunyanyuka. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika mkono wa gia.

"Baba, achia," dada akasema.

Hakuachia. Vifundo vya vidole vilikuwa vimetokeza.

"Hataki kuondoka," dada akasema.

"Au hataki kuiacha kazi katikati. Hajawahi kuliacha gari kwenye stendi akaenda kulala."

"Ni lipi kati ya hayo?"

"Sijui."

Tulisimama hivyo, tumemshika nusu ndani nusu nje, na dereva wa teksi akapiga honi kidogo, ya adabu. Baba alikuwa anatazama ukuta. Mwisho tukamrudisha kitini, nikapanda kwa upande wa pili, nikapiga magoti kwenye kiti cha abiria na kuanza kuvifungua vile vidole, nikianzia kidole kidogo. Vilikuwa na nguvu kuliko nilivyotegemea. Kila nilipofungua kimoja na kwenda kwa kinachofuata, kile cha kwanza kilijifunga tena, ikabidi dada aje avishike vile nilivyokwisha kuvifungua.