Mkoba kwenye Miti ya Koisaba

Kitendawili! Sema tega, usinitazame tu. Ana mdomo hana meno, humeza watu wazima wakiwa wamesimama. Nini hicho? Si mamba, mamba ana meno. Si kaburi, kaburini mtu hulazwa. Umeshindwa? Nipe mji. Umenipa Korogwe? Haya, Korogwe nimekwenda, nimekula, nimeshiba, na jibu lenyewe ni shimo la dhahabu.

Nawe umenipa mji wenye maneno. Huko huko Korogwe alikwenda Bi Tatu wa Kwaluguru, siku mbili tu, akarudi na alichorudi nacho.

Bi Tatu alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Faraji. Miaka sita nyuma Faraji alikwenda kuchimba kwenye mashimo ya huku kwetu Handeni, yeye na Mwinjuma, mtoto wa mdogo wake Bi Tatu. Mwinjuma akarudi peke yake. Akasema, "Faraji kavuka Msumbiji, mama mkubwa. Kapata kazi huko." Tangu hapo kila Idi Mwinjuma analeta salamu: Faraji hajambo, Faraji anawasalimia, huko aliko simu hazishiki. Bi Tatu akaitikia salamu miaka sita. Lakini mama ni mama. Usiku wa kuamkia Ijumaa alitamani kumsomea mwanawe hitima, ulimi ukawa mzito, kwani aliye hai hasomewi. Akamwendea shehe. Shehe akamwambia, "Lete habari ya hakika, Bi Tatu, ndipo tusome." Mkewe Faraji naye akabaki hivyo hivyo, si mke si mjane, kukaa eda hawezi, kuolewa hawezi.

Sasa mjukuu wake Ikram, wa upande wa dada yake, anayesomea ualimu Korogwe, akampigia simu. "Bibi, njoo utembee. Kuna maonyesho ya sanaa, majengo matatu, bure." Mwinjuma akajitolea kumsindikiza. Pikipiki hadi Mkata, basi hadi Korogwe, mkoba wa bibi kaushika yeye njia nzima. Alikuwa mpwa mwema, hilo tusimnyime.

Jengo la kwanza walikuta kitambaa kikubwa kimepakwa rangi nyeusi tupu.

"Huyu kachora nini?" Bi Tatu akauliza.

"Giza, bibi."

"Giza si lipo Kwaluguru! Mnanipandisha basi kuja kuliona?"

La pili walikuta viti vimetundikwa darini, miguu juu. Bi Tatu akaviangalia mpaka shingo ikamuuma. "Vimekosa nini hata vikanyongwa? Na wenyewe wamekaa wapi?" Ikram akacheka, Mwinjuma akacheka kushinda Ikram.

La tatu lilikuwa Old Korogwe, ghala la zamani la mkonge, na harufu ya mkonge ilikuwa haijatoka. Ndani ulikuwa umemwagwa udongo mwekundu sakafu nzima, imesimikwa miti, na kila mti umetundikwa kitu: kofia ya kushonwa kwa mkono, tasbihi, mkanda wa shanga, kitambaa cha kichwani.

Mwinjuma alisimama mlangoni. "Mama mkubwa, humu vumbi. Kifua chako hicho."

"Kifua changu kimelima miaka hamsini," akasema Bi Tatu, akaingia.

Mwenye kazi ile alikuwa kijana wa Kimaasai, shuka juu ya shati, jina lake Koisaba. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Miti yako imezaa matunda gani haya?"

Koisaba akamweleza kwa adabu, maana hakujua anamweleza nani. Alikuwa akichunga ng'ombe, akapita penye shimo la dhahabu lililofukiwa huku Handeni, akakuta miti imesimama na vitu hivi juu yake. "Wachimbaji wana mwiko wao, bibi. Kitu alichokupa mama hakishuki shimoni. Unakitundika juu, ukitoka unakichukua."

Bi Tatu alikuwa anatazama mti wa nyuma, penye mkoba wa ukindu.

"Niteremshie ule."

"Bibi, haviguswi, wameandika," Ikram akanong'ona.

"Aliyeshona hazuiwi kugusa."

Koisaba akamteremshia. Bi Tatu ni mashoto, na mshono wa mashoto hulala upande wake. Akapitisha kidole gumba juu ya ukili, ule msuko wa ukindu. Akageuza kitako, akafumua nyuzi mbili, akavuta utepe wa kanga ya buluu alioufungia humo siku ile Faraji anaondoka, pamoja na dua.

"Mwanangu," akamwambia Koisaba, "na kama mwenyewe alitoka, akasahau?"

Koisaba sasa alikwisha kuelewa. Akainamisha kichwa. "Hawasahau, bibi. Anayesahau cha mama hashuki tena."

Bi Tatu akageuka. "Mwinjuma!"

"Labeka, mama mkubwa."

"Nimsomee, au nimngoje?"

Mwinjuma akatazama nje. "Twende nyumbani kwa Ikram ukapumzike. Tutaongea."

Bi Tatu akaketi pale pale kwenye udongo, mkoba mapajani, akavuta mtandio usoni. Ikram akamshika mkono, mkono haukushikika. Mwinjuma hakuingia wala hakuondoka.

Wakaingia wasichana wawili na mvulana mmoja, watu wa mjini. Wakamzunguka Bi Tatu polepole. Mmoja akatoa simu, akapiga picha.

"Huyu bibi kakaa kama kweli vile," mvulana akasema. "Ukimtazama unasikia baridi."

"Hebu piga na mkoba uonekane."

"Tokeni!" Mwinjuma aliingia mbio, udongo unaruka, akaipiga ile simu ikaanguka. "Huyo ni mtu! Ni mama wa mtu huyo, nyie! Si maonyesho!"

Wakatoka wakirudi nyuma. Mwinjuma akapiga magoti mbele ya mama yake mkubwa.

"Udongo ulishuka saa sita mchana," akasema. "Mimi nilikuwa juu, nimeshika kamba. Mwenye shimo hakuwa na kibali, akatulisha yamini wote tuliobaki, tusiseme. Nilikuja kukwambia, mama mkubwa, Wallahi nilikuja. Nikakukuta umemwekea ugali wake umefunikwa kawa. Mdomo ukasema Msumbiji."

"Sikukuuliza hayo."

"Kila Idi nilikuwa nasema, hii ya mwisho..."

"Mwinjuma." Alifunua uso. Macho yalikuwa makavu. "Nimekuuliza neno moja."

Mwinjuma akalia kama mtoto, akashika ncha ya utepe wa buluu kwa vidole viwili.

"Msomee, mama mkubwa."