Kastabini na Vifaranga Kumi na Mmoja

Mbwa wa jirani alimmaliza kuku asubuhi, na kufikia saa nne fundi cherehani alikuwa na vifaranga kumi na mmoja ndani ya beseni la kufulia, chini ya meza ya kukatia vitambaa. Wote wana siku moja, wote wanalia, na hakuna aliyegusa chenga za mahindi.

Chumba cha pili alilala mama yake, mguu umefungwa plasta. Alipoletwa kutoka shamba kuuguzwa, aligoma kuja bila kuku wake aliyekuwa ameatamia. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," alitania siku ile, akigonga plasta. Leo hakutania. Kuku yule wa kishingo, shingo tupu bila unyoya, alikuwa wa mwisho wa mbegu ya bibi. Wenzake walikwisha kwa ugonjwa mwaka uliopita.

"Mbegu ya mama yangu imeishia hapa," mama aliuambia ukuta.

"Wamebaki kumi na mmoja, mama."

"Mikononi mwa nani?"

Swali lilimchoma fundi, kwa sababu ukoo mzima ulijua jibu. Alipokuwa na miaka tisa aliachiwa vifaranga saa moja tu, akawawekea maji kwenye sufuria lenye kina, akaenda kucheza. Watano walizama. Tangu hapo kaka yake akamwita Mafuriko, na mama hakumruhusu tena kukanyaga bandani. Na kwao, binti anayeondoka nyumbani hupewa mtetea wa mbegu ya bibi, ndani ya tenga, akaanzishe banda lake. Dada zake wawili walipewa. Yeye aliondoka na mkasi na begi la nguo. Mbele za watu alicheka, njiani alilia mpaka akafika.

Akachuchumaa kando ya beseni, akajaribu kumkumbuka mama wa miaka ile. Mama hakuwa akimwaga chakula na kuondoka. Aligonga ungo kwa ukucha, ko-ko-ko, mfano wa mdomo wa kuku, maana kifaranga hajui kula mpaka aonyeshwe. Fundi akatazama vidole vyake. Kucha alizikata mpaka kwenye nyama zisikwaruze hariri za wateja. Basi akavaa kastabini, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole na sindano, akagonga sinia la chenga.

Kimoja kikanyamaza. Kikaja kikiyumba, kikadonoa kastabini, kikakosea, kikadonoa chenga. Dakika kumi baadaye sinia lilikuwa kama soko siku ya gulio, na fundi alikuwa amekaa sakafuni akijifuta machozi kwa futi ya kupimia.

Maji aliyaweka kwenye kisahani alichokijaza vifungo vikubwa vya makoti, yakabaki yanang'aa katikati ya vifungo tu. Hata sisimizi asingezama.

Jioni kaka yake, fundi umeme, alileta taa ya kuwapasha joto, akaining'iniza juu ya beseni. Akakiona kisahani, akashika mbavu. "Mafuriko! Kwa nini usiwanunulie maboya kabisa?"

"Wewe angalia taa yako. Na uipandishe, wanakimbilia pembeni, joto limewazidi."

"Umejulia wapi hayo?"

"Nilikatazwa banda. Sikukatazwa dirisha."

Kaka akaipandisha taa.

Kukatokea jambo ambalo bibi mwenyewe hakulijua. Cherehani ilipoanza kutwanga, ko-ko-ko-ko, vifaranga walitoka mbio kwenye beseni wakakusanyika chini ya sindano, wakisubiri kula. Waliamini mama yao ni cherehani. Wateja walikuja kupimwa huku wameinua miguu, na mmoja aliondoka na gauni lenye unyoya kwenye pindo, akasema limependeza.

Wiki ya sita mama alitolewa plasta. Hatua zake za kwanza, ameshikilia ukuta, zilimfikisha kwenye mlango wa chumba cha kushonea. Akahesabu kwa kidole. Akarudia.

"Kumi na mmoja," akasema. "Mwanangu, mimi sijawahi kukuza wote. Hata bibi yako hakuwahi."

Furaha ilimjaa fundi mpaka mguu ukasahau pedali. Mama akainama kwa taabu, akamnyaka mtetea mwenye shingo tupu kuliko wote, akamweka mapajani mwa binti yake.

"Tenga sina," akasema. "Nimechelewa miaka ishirini. Nisamehe. Huyu ni wako."

Kaka alikuwa ndiyo kwanza anaingia. "Jamani, Mafuriko kapewa kuku!"

Mama akamgeukia, mkono mmoja ukutani. "Koma! Hujafundishwa? Kuku mwenye watoto halengwi jiwe."

Fundi akarudisha mguu kwenye pedali, mtetea wake mapajani, na wale kumi wakaja mbio.