Kitufe cha Baadaye

"Nimesema subiri! Kwani subiri ni neno gumu?"

"Gumu sana, Baba Kidoti. Ulianza kulisema mtoto hajaota meno, na sasa ameanza kuyang'oa."

Mume alikuwa amesimama kati ya mkewe na kompyuta, mikono kaitanua kama kipa anayengojea penalti. Nyuma yake, kwenye skrini, ujumbe wa kila asubuhi ulikuwa umeshatokea: toleo jipya la mfumo endeshi liko tayari. Chini yake vitufe viwili, Sakinisha Sasa na Baadaye. Katika nyumba ile kitufe cha Baadaye kilikuwa kimebonyezwa mara nyingi kuliko swichi ya taa.

"Haya matoleo mapya huja na kasoro," alisema mume. Alikuwa fundi wa simu na kompyuta, na kwa mambo ya mashine neno lake lilikuwa la mwisho. "Wacha wengine waingie kwanza motoni. Sisi tutapita majivu yakishapoa."

"Kiwandani ninakokwenda kuanza kazi wameingia zamani. Sijamwona hata mmoja mwenye lengelenge."

Kutoka dirishani mama mkwe aliguna. Alikuwa akishona vifungo vya makoti ya wauguzi, sindano yake haisimami hata wakati wa ugomvi. "Mama Kidoti, mwenzio anajua mashine, wewe unajua nguo. Kila ndege huruka kwa ubawa wake."

"Ndiyo, mama. Ila mwanao amenikata ubawa, halafu ananiambia anga ni mbaya."

Mama Kidoti alikuwa mchora pateni, yaani zile ramani za nguo ambazo mkataji huzifuata kabla hajagusa kitambaa. Alizichora kwa programu maalumu kwenye kompyuta ile: sketi za shule zenye marinda, makoti ya wauguzi, suruali za walinzi, na kaptura ya watoto yenye mfuko usiochanika hata mtoto akitia mawe. Kaptura ile ndiyo iliyompatia kazi kwenye kiwanda cha sare. Alitakiwa kuanza Jumatatu, na kazi zote zingepitia kwenye programu ya kiwanda, ambayo haikubali mfumo wa zamani. Bila kusasisha, hakuna kazi. Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi namna hiyo.

Siku ya usaili meneja alimwuliza swali moja tu lililomfanya anyanyue kichwa. "Programu yako ya kuchorea ni ya halali? Tumeshaponzwa na watu wa kopi za mtaani."

"Halali tupu," alijibu kwa majivuno. "Mume wangu aliuza pikipiki yake akaninunulia."

Hiyo ndiyo ilikuwa hadithi ya nyumba yao. Mume aliisimulia kwenye kila shughuli ya ukoo, na dada zake waliidakia kama kiitikio. Mwanamume kauza pikipiki, akawa anakwenda kazini kwa miguu, kisa mke apate chombo cha kazi! Mama Kidoti naye alilipa kwa namna yake. Mama mkwe alipohamia kwao hakuuliza atakaa mpaka lini. Alipopata nafasi ya kusomea ushonaji wa kiwandani mji mwingine, aliiacha, kwa sababu mtu aliyeuza pikipiki kwa ajili yako humwachi na mtoto mchanga. Kila alipotaka kufoka, pikipiki ilimziba mdomo.

"Sikiliza," mume alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Ukibonyeza pale, programu yako haitafunguka tena. Pateni zako zote kwaheri. Hicho ndicho unachotaka?"

Moyo wa Mama Kidoti ulishtuka kweli. Pateni zile zilikuwa jasho lake lote tangu atoke chuoni.

"Isifunguke kwa nini? Ya halali si wenyewe huirekebisha iendane na mfumo mpya?"

"Si zote."

"Basi tuwaulize wenyewe." Akachukua simu.

"Unampigia nani? Leo Jumamosi, hawapo hao!"

"Kama hawapo hawatapokea. Unatokwa jasho la nini?"

Wakala wa programu alipokea mara moja, msichana mwenye sauti ya upole. Mama Kidoti aliweka sauti ya nje, akaeleza shida. Msichana akaomba namba ya leseni. Namba ilikuwa kwenye kompyuta, na mbele ya kompyuta alikuwa kipa. Mama Kidoti aliinama, akapita chini ya kwapa la mumewe, akafungua ukurasa na kuisoma namba kwa sauti.

Vidole vilisikika vikigonga kibodi.

"Mama, samahani. Hiyo namba tunaifahamu. Iliibwa kwenye chuo kimoja, na tangu hapo inazunguka mitaani. Kopi uliyonayo ni ya bandia, na ukiweka mfumo mpya itajifunga. Uliinunua wapi?"

"Sikuinunua," alisema Mama Kidoti. "Nilipewa zawadi."

"Oo. Pole, mama."

Pole ile ilimwingia kuliko maneno yote yaliyotangulia. Mtu asiyemjua, asiyemwona uso, alikuwa ameshajua yeye ni mke wa namna gani.

Akakata simu. Mume alikuwa ameshusha mikono. Lango lilikuwa wazi, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kufunga goli.

"Pikipiki ilikwenda wapi?"

Fundi alitazama sakafu, akatazama waya, akatazama feni.

"Yaliyopita si ndwele, mwanangu," mama mkwe alisema kutoka dirishani. "Tugange yajayo."

Mama Kidoti aligeuka polepole. Hakuwa amemwuliza yeye. Asiyejua jambo huuliza kulikoni. Mama mkwe hakuuliza. Alikimbilia dawa, na anayekimbilia dawa anaujua ugonjwa.

"Na wewe, mama?"

Sindano ilisimama. "Ningemwumbua mwanangu wa kumzaa? Aliniambia atarekebisha."

"Ulikaa mkeka mmoja na mimi, hadithi inasimuliwa, ukapiga vigelegele."

Bibi alitafuta tundu la kifungo kwa kidole, asilione.

"Nilibeti," mume alisema, kwa haraka kama anayetema kitu kichungu. "Nilikuwa nimeshaiuza, pesa ninayo mkononi, wallahi nilikuwa njiani kwenda kununua. Nikaona niiongeze kidogo, nikununulie programu na pikipiki niikomboe. Timu ikaniangusha dakika za mwisho. Ningekuja kukwambia nini, na ulikuwa umeshafurahi?"

"Ungeniambia hivyo hivyo ulivyosema sasa. Ningelia siku moja."

Hapo ndipo palipomuuma Mama Kidoti. Pikipiki ilikuwa chuma tu, na kubeti ni ujinga ambao wengi wanao. Shukrani ndiyo iliyomchoma. Alikuwa amemshukuru mtu huyu kwa kumpikia, kwa kunyamaza, kwa kubaki nyumbani, na mume alizipokea shukrani zote bila kupepesa, hata kukumbusha pale mke aliposahau. Na kila asubuhi alipomwambia "bonyeza Baadaye, mke wangu, nakulinda", alikuwa akijilinda mwenyewe.

Mume aliona hajafokewa, akadhani mlango umefunguka. "Bado tunaweza kulimaliza. Usisasishe leo. Nina jamaa anayo kopi mpya, inakubali mfumo mpya bila tatizo. Jumatatu waambie mtandao unasumbua."

"Na meneja akiniuliza tena kama ni halali?"

"Mjibu kama ulivyomjibu."

"Nilipomjibu nilikuwa sijui, uongo ulikuwa wako. Nikimjibu hivyo Jumatatu utakuwa wangu." Akavuta kiti. "Sogea."

Akachomeka flashi na kuanza kutoa pateni zake kama michoro ya kawaida, ile inayofunguka kwenye programu yoyote. Programu ilikubali kutoa mistari ya saizi moja tu. Saizi nyingine zote, za kupanda na za kushuka, pamoja na nafasi za mishono, hazikuweza kutoka. Zilikuwa zimefungwa ndani ya kopi ya mtaani.

"Utapoteza saizi zote!" mume alilia, na kilio chake kilikuwa cha kweli. "Hiyo kazi ya miaka!"

"Naijua, niliifanya mimi. Nitazichora upya kwa rula na karatasi. Ndivyo nilivyofundishwa kabla sijakuamini."

Kaptura ya mfuko ilikuwa ya mwisho kutoka. Alichomoa flashi, akaitia kwenye sidiria. Kisha akamwandikia meneja ujumbe: programu yake ilikuwa ya bandia, hakujua, amejua leo, mpaka atakapopata ya halali atachora kwa mkono na kutuma picha kupitia programu ya kiwanda, kama haiwafai, wamwambie mapema. Aliusoma mara moja, akautuma.

Akabonyeza Sakinisha Sasa.

Kompyuta ikaomba nenosiri la msimamizi. Hakulijua. Hata ufunguo wa kompyuta yake mwenyewe ulikuwa mfukoni mwa mtu mwingine, na hilo nalo aliwahi kulishukuru.

"Andika," alisema.

"Mama Kidoti, tukae kwanza. Tuite hata kaka yako, tuzungumze kama watu wazima."

"Kaka yangu hana nenosiri. Andika."

Mume alimtazama mama yake. Mama yake aliangalia vifungo.

Akainama, akaandika kwa kidole kimoja, yeye ambaye huandika kwa vyote kumi. Alipofika mwisho kidole kilibaki kikielea juu ya kibodi. Mama Kidoti aliusogeza mkono ule pembeni, kama mtu anavyosogeza kitambaa kisicho chake, akabonyeza mwenyewe kitufe cha kukubali.