Mahali pa Kiwiko

Mume wa Zakia alipofariki, ndugu walikuja na huruma tele, na huruma ya ndugu ina mikono mirefu. Kabla arobaini haijatimia kanzu za marehemu zilikuwa zimegawiwa, na makoti, na viatu, na kofia, hata mto aliokuwa akilalia. Ndiyo desturi, na Zakia hakuipinga. Vitu vya marehemu vikitolewa sadaka, thawabu humfikia mwenyewe huko aliko. Ila asubuhi moja aliamka akanusa upande wa pili wa kitanda, akakuta shuka inanuka sabuni tu. Ndipo alipojua kwamba nyumba ile ya Elerai, yenye vyumba vitatu na stoo, imebaki na mtu mmoja.

Gari hawakuligawa. Nani angelitaka? Lilikuwa Pijo 404, lile refu la nyuma, ambalo mumewe, Saadi, alilinunua mwaka sabini na nane kwa mzungu mmoja wa shamba la kahawa aliyekuwa akirudi kwao. Kwa miaka thelathini lilikwenda Nduruma na kurudi, likibeba nyanya, vitunguu, maharusi, wagonjwa, na mara moja fahali aliyekataa kushuka. Saadi aliliendesha kioo kikiwa chini, kiwiko cha kulia kikiwa nje. Mvua ikinyesha, kiwiko nje. Baridi ya Julai ikishuka kutoka Meru na watu wakijifunika mablanketi mpaka puani, kiwiko nje. Zakia alimwambia siku moja huo mkono utamfia. Saadi akamjibu kwamba mkono ndio unaoendesha, yeye ni abiria tu.

Kwa hiyo pale juu ya mlango wa dereva, chini kidogo ya kioo, palilika. Kwanza ililika ile rangi ya maziwa aliyoipiga enzi za ruksa, madukani kulipoanza kuonekana vitu tena. Chini yake ikatokea kijani ya matrekta, ile ya miaka ya dhiki, maana hakukuwa na rangi nyingine mji mzima. Halafu ikatokea ya kijivu, ya mzungu. Katikati kabisa likatokea bati lenyewe, duara la ukubwa wa kitumbua, limesuguliwa miaka mingi na shati na ngozi mpaka likawa linang'aa.

Hapo ndipo Zakia alipokuwa akienda kila siku baada ya alasiri. Kwa desturi ya kwao mwenye eda hatoki, wala haonekani na wanaume wa nje, miezi minne na siku kumi. Lakini uwani ni kwake, na banda la gari liko uwani. Saa hiyo jua huingia bandani kwa upande, likapiga mlango wa dereva, na lile bati likapata joto. Zakia aliweka kiganja chake pale. Palikuwa na joto kama la mtu. Mtu mzima wa miaka sitini na mbili, mwenye wajukuu, amesimama bandani ameshika mlango wa gari. Akisikia kandambili za wifi yake anajifanya anatafuta kuku. Kabla ya kuondoka alichovya kidole kwenye kichupa cha mafuta ya nazi akapapaka, ili pasipate kutu, kwa kuwa masika yalikuwa yameingia na hakuna tena kiwiko cha kupasugua.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Wifi yake Salwa, mdogo wake Saadi, alikuja kukaa naye eda, na hakuwa mtu mbaya. Ila ndiye aliyesimamia ugawaji wa nguo. Zakia alipojaribu kumwambia abakishe japo shati moja, Salwa alimwangalia kwa upole akasema, "Wifi, vitu vya marehemu havikumbatiwi. Utaumia bure." Tangu hapo Zakia alikula naye, akacheka naye, akalala chumba kimoja naye, na upweke wake akauweka mahali pake peke yake.

Basi mwezi wa tatu wa eda, Najim, mwanawe pekee, akapiga simu kutoka Dar.

"Shikamoo mama. Hilo gari likikaa hivyo mwaka mwingine, utakuja kufagia kutu."

"Marahaba. Sasa unataka nilifanyeje? Nilinyonyeshe?"

"Mama nawe! Kuna fundi hapo mjini, Lengai, ndiye anayebandika mistari ya punda milia kwenye magari ya watalii. Anaweza kulivisha stika nyeupe lote. Siku mbili tu kazi imekwisha. Gari la zamani hivyo, likiwa jeupe, watu wa harusi watalipanga foleni."

Salwa, aliyekuwa ametega sikio, akadakia kwa sauti ifike Dar. "Stika ya nini? Gari halivai baibui! Kaka alikuwa anapiga rangi, na sisi tupige rangi."

"Shangazi, rangi ni kuanza upya. Unakwangua yote. Stika inafunika tu. Chini kunabaki vilevile, na ukichoka unabandua."

Zakia akaisogeza simu sikioni. "Hebu rudia. Chini kunabaki vilevile?"

"Vilevile, mama."

Alifikiri siku tatu, ingawa neno lenyewe lilikuwa limekwisha kuamuliwa. Rangi aliijua. Mwaka ule wa ruksa alimwona Saadi akilipiga Pijo msasa wiki nzima, maji na msasa, msasa na maji, mpaka uwa wote ukawa na matope ya kijani. Rangi maana yake msasa, na msasa haujui hapa pa kiwiko na hapa pa kutu. Stika ni shuka. Ingepita juu ya lile duara, likalala chini yake salama, na siku akizidiwa na hamu angebandua kipande kidogo akachungulia. Aliyaona yote hayo kichwani akaridhika.

"Stika," alisema.

Salwa alishika tama. Kutwa nzima aliwasimulia majirani kwamba bibi harusi wa mwaka sabini ameingia usasa. Najim naye alifurahi, akadhani mama ameliona jambo la biashara.

Lengai alikuja Jumamosi. Alikuwa mtu wa Oldonyo Sambu, makamo, mwenye sauti ya chini na vidole vilivyokaukiwa na gundi. Akaambiwa mwenye gari yuko eda. Hakulijua vizuri jambo hilo, kwao kanisani halipo, lakini alivua kofia akasimama mbali na dirisha akiangalia chini.

"Shikamoo, mama. Pole na msiba."

"Marahaba, baba. Tumeshapoa," Zakia alijibu nyuma ya pazia.

"Leo napima, halafu nasafishasafisha. Kesho nakuja na stika yenyewe."

"Sawa, baba."

Maneno yalimfika Zakia kwenye ulimi: pale mlangoni kwa dereva usipaguse. Lakini angeyasemaje? Salwa alikuwa hapo mkekani anachagua mchele, na fundi yuko mbali, ingebidi apaze sauti. Amwambie mwanamume asiyemjua, dirishani, tena mbele ya wifi, kwamba kuna mahali pa kiwiko? Akayameza. Akajiambia, stika inafunika tu, Najim amesema. Adhana ya alasiri ikalia, akaenda kutawadha.

Alikuwa rakaa ya tatu alipousikia. Kwaru, kwaru, kwaru. Hakuna mke wa dereva asiyeujua msasa. Ni bampa, alijiambia, au ni huko nyuma kwenye kutu. Akarukuu. Kwaru, kwaru. Sauti ilitoka upande wa jua. Akasujudu, akainuka, na hapo hakujua tena kama ni ya tatu au ya nne. Ulimi ulisoma, masikio yako bandani. Angeikata sala? Kwa ajili ya gari? Hajapata kukata sala tangu abalehe, hata siku walipomletea habari ya Saadi aliimaliza. Akaongeza rakaa moja kwa shaka, akaongeza sijda mbili za kusahau, kama alivyofundishwa chuoni, na katika kila sijda msasa uliendelea. Alitoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto, akainuka akatoka mbio na kanga zake za kusalia, peku.

"Wifi! Uko eda!" Salwa alipiga kelele.

Lengai aligeuka akiwa na msasa mkononi. Nyuma yake mlango wa dereva ulikuwa na doa jeupe la bati, pana kama sinia, limekwanguliwa sawasawa mpaka pembeni. Maziwa, kijani, kijivu, na lile duara lililong'aa, vyote vilikuwa vumbi miguuni pake. Zakia alipaweka kiganja. Palikuwa pamekwaruzika. Joto lilikuwepo, la jua tu.

"Mbona umeanza na hapa?" aliuliza. "Gari zima hili, mbona hapa?"

"Ndipo palipokuwa pabaya kuliko pote, mama," alisema Lengai, bado haelewi. "Na palikuwa na mafuta. Sijui nani kapaka mafuta pale, yameingia mpaka kwenye rangi. Stika haishiki kwenye mafuta. Kama si mafuta ningepapitia juu juu tu, pengine hata nisingepagusa."

Zakia alikitazama kidole chake.

"Nimepaka mimi," alisema. Kisha akalia. Hakulia hivyo siku ya maziko, nyumba ilipojaa watu na kila mmoja akimshika bega. Alilia ameegemea mlango, kanga imemdondoka begani, mbele ya mwanamume asiye maharimu wake, na katikati ya kilio akamwambia yote: kiwiko, baridi ya Julai, kitumbua, kichupa cha mafuta. Alilokuwa amewaficha mwanawe na wifi yake miezi mitatu, alimmwagia fundi wa stika. Salwa alisimama mlangoni na ungo wa mchele.

Lengai alikuwa amechuchumaa, ameweka msasa chini kama aliyeweka kisu.

"Yeyo," alisema, kwa neno la kwao la kumwita mama, "ungeniambia."

"Ningekuambia nini?"

Jua likaendelea kushuka. Baadaye Zakia alijifuta uso, akafungua mlango akaingia. Miaka thelathini aliketi kushoto; upande wa usukani hakupata kuukalia hata siku moja. Kiti kilikuwa kimebonyea kwa mwili usio wake. Akatoa mkono wa kulia dirishani, akaweka kiwiko. Mkono wake ulikuwa mfupi, ikabidi asogee mpaka ubavu ubane mlango, ndipo kiwiko kikafika pale palipokwanguliwa.

"Hiyo stika," aliuliza, "mtu akiiwekea mkono kila siku, inalika?"

"Hailiki, yeyo. Inachakaa tu, mwishowe inabanduka."

"Na rangi?"

"Rangi inalika. Umeona mwenyewe."

"Basi piga rangi. Nitamwambia Najim. Na harusini haliendi."

Lengai aliitika kwa kichwa. Akasimama, akalizunguka gari, akarudi, akili yake imesharudi kazini. "Rangi nzuri hupulizwa mara tatu. Ukitaka idumu, nakupulizia hata nne."

"Kwingine puliza utakavyo," alisema Zakia. "Hapa mlangoni puliza mara moja. Nyembamba."

"Mara moja itakwisha upesi, yeyo. Ile ya mzee ilichukua miaka thelathini kulika."

"Ndiyo," alisema Zakia, na kiwiko chake hakukitoa. "Mimi miaka thelathini sina."