Mistari Minne Iliyozidi

Kazi yangu ni kusoma makosa ya watu wengine. Mwaka wa ishirini na sita huu nimo katika chumba cha nyuma cha kiwanda cha uchapaji, mimi na kalamu nyekundu, na siku nyingine natoka jioni sijamwambia mtu neno zaidi ya "nimepokea". Nyumbani nako hakuna wa kuniuliza mbona nimechelewa. Mke wangu alishakwenda zake. Alisema hata mezani namtazama kama ukurasa wenye kasoro. Nimebakiwa na Shangazi tu, na ndiye pekee anayeniita mwanangu.

Kwa hiyo kilipoletwa kitabu cha mashairi ya gazeti la serikali, enzi za utawala wa wageni, nikaona shairi la babu limo, nilimpelekea habari mbio mbio. Shangazi ni binti wa mwisho wa babu, na macho yake yamekwisha. Alinishika mkono akasema anataka kuushika ukurasa wenye jina la baba yake kabla hajafa. Ubeti mmoja tulikuwa nao sote wawili. Mama yangu alipofariki, Shangazi alinilaza kwa ubeti huo, akinipigapiga mgongoni:

Lala nchi ilochoka, mlinzi amesimama,
Mwenye nguvu amefika, watoto walale vyema...

Beti nyingine sikuwahi kuzisikia. Nilizisoma mara ya kwanza kazini, nikitafuta mikato iliyopotea. Mlinzi mwenyewe alikuwa kamanda wa wageni. Kufika kwenye ubeti wa tano, kalamu ilisimama:

Vijiji vya mlimani, vilikataa heshima,
Bwana akatia kuni, vikawaka vyote hima...

Bibi yangu, mama yake Shangazi, alitoka mlimani huko. Babu alimwoa miaka miwili baada ya moto ule. Nilikuwa najua alikotoka, na nilikuwa najua babu ni mshairi. Sikuwahi kuviweka pamoja. Nilimchukia yule mzee siku ile, na niliona haya kwamba beti zake zilikuwa tamu.

Mhariri wetu, tunayemwita Bwana Mkasi, hana muda na aibu za mtu. Alikuja na prufu, zile kurasa za majaribio, akaniambia shairi limezidi ukurasa kwa mistari minne. Ubeti mmoja utoke, nichague mwenyewe, maana maiti halalamiki. Alicheka, akaenda zake.

Nikiutoa wa moto, babu anabaki msafi, na jina lake linang'aa. Nikiutoa wa mwisho, ule ambao ndani yake mshairi hujitaja, na ndipo pekee jina lake lilipo, aibu inabaki haina mwenyewe na Shangazi anakosa alichoomba. Ningeweza pia kumdanganya. Vidole havisomi wino. Lakini nikimdanganya yeye, nitabaki na nani wa kusema naye kweli?

Jumapili alasiri nilikwenda. Nilimweleza kwamba ubeti mmoja lazima utoke, kisha nikamsomea shairi lote. Aligeuzia uso ukutani. Nikajua nimempoteza.

"Baba alipokuwa akiwasomea wageni wa nyumbani shairi hili," alisema, "mama alikuwa akitoka sebuleni. Kila mara. Sisi watoto tunafukuzwa tukacheze, yeye anaingia jikoni. Nilidhani anakwenda kuangalia chungu."

Nikamuuliza basi nitoe upi.

"Wa moto uache, watu wajue. Wa jina uache, wamjue aliyesema. Toa ule wa kulala."

Nikamwambia ule ndio wetu.

"Nilikulaza nao, mwanangu. Mama alinisikia nikikuimbia, naye akijua mlinzi ni nani, na hakunikataza. Utoe."

Kesho yake niliupiga mstari mwekundu. Katika miaka yote ile sijawahi kukata kitu nilichokijua kwa moyo, na mkono wangu haukupenda. Bwana Mkasi aliuliza mbona nimetoa ubeti mzuri kuliko yote. Nilimjibu kwamba ukurasa sasa umekaa sawa.

Kitabu kilipotoka nilimpelekea. Alipapasa jalada, akataka nimfungulie penyewe, akalaza kiganja juu ya ukurasa, kisha akaniambia nisome. Nilisoma. Nilipofika kwenye vijiji vya mlimani nilisikia kiti chake kikisukumwa. Alishika ukuta, akaenda taratibu mpaka jikoni, na huko hakukuwa na chungu chochote motoni.

Nilibaki peke yangu na kitabu. Nilitaka kukifunga, lakini jina lilikuwa bado. Nikapaza sauti ili alisikie kutoka huko alikosimama, nikasoma mpaka mwisho.