Tundu la Kiti cha Nyuma

Mzee Bonifas hakuwa mtu wa kungoja kitu kiharibike. Miaka ishirini na sita alikuwa fundi wa injini za treni katika karakana ya Kilosa, na huko walifundishwa kwamba treni ikizimika njiani kosa si la treni, ni la fundi aliyeiruhusu itoke. Reli ilipokodishwa kwa wawekezaji akapunguzwa kazini pamoja na wenzake. Akahamia Zombo, kwenye shamba lake la mpunga na mahindi, na mkewe Costancia na binti yao wa mwisho, Devota. Alibeba vitu vitatu vya kazini: ovaroli, nyundo ndogo ya kugongea magurudumu, na daftari gumu la ripoti ambalo alisahau kulirudisha, au alikataa kulirudisha, hilo analijua mwenyewe.

Gari lilikuja mwaka 2012. Mtoto wao wa kwanza, Goodluck, anayefanya kazi bandarini Dar es Salaam, alilinunua kwa mtu aliyeliagiza kutoka Japani. Lilikuwa haibridi, gari la petroli na umeme kwa pamoja, na tayari lilikuwa limetembea kilomita laki mbili na ushee. Hakulileta kwa maringo. Moyo wa mama yao ulikuwa umetanuka. Daktari wa Mikumi, aliyekuwa akimtibu, alisema kifua kikimbana asikae nyumbani akisubiri kitulie. Afikishwe hospitali upesi awekewe oksijeni. Zahanati ya pale kijijini haikuwa nayo, na kutoka Zombo hadi Mikumi, kwa barabara ile ya vumbi, ni zaidi ya saa moja. Kwa hiyo gari lilikuwa na kazi moja tu: siku ile ikifika, liwake na lifike.

Mzee akalielewa agizo hilo kuliko aliyelitoa. Kila alfajiri alivaa ovaroli, akalizunguka gari akigonga nati za magurudumu kwa nyundo na kusikiliza mlio. Oili aliimwaga kabla ya kilomita zake kutimia. Chujio la hewa alilipuliza kila Jumamosi, plagi akazisugua hata zisipodai, maji ya rejeta akayatazama asubuhi na jioni, na kila alichofanya akakiandika kwenye daftari, tarehe, kazi, sahihi. Wanakijiji walimcheka. Walisema gari la Mzee Bonifas linaogeshwa kuliko watoto wa Zombo, na kwamba siku likipiga chafya atalipeleka kliniki. Yeye aliendelea kugonga nati zake. Kijiji kizima kilikuwa na baiskeli na pikipiki, nani angemfundisha habari za injini?

Costancia mwenyewe alimtania. Alimwambia angependa naye agongwegongwe kwa nyundo asubuhi, huenda moyo ungejirekebisha. Mzee akacheka, kisha akaenda nyuma ya nyumba akakaa peke yake kitambo.

Jambo moja tu katika gari lile lilimsumbua. Costancia alipokwenda kliniki kila mwezi alijilaza kiti cha nyuma, na pembeni mwa kiti hicho, karibu kabisa na kichwa chake, palikuwa na tundu lenye vijiti vya plastiki. Ndani yake kulikuwa na feni. Safari ikiwa ndefu na jua likiwa kali, feni ilivuma, na Costancia akalalamika kwamba ni kama amelala na nyuki. Tena tundu lilikuwa likivuta vumbi. Fundi gani wa treni anaacha tundu wazi vumbi liingie kwenye mitambo?

Hata hivyo hakuziba kwa kubahatisha. Alitoa kile kijitabu kilichokuja na gari, alichokihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni. Kilikuwa cha Kijapani chote, lakini picha ni picha. Alikuta ukurasa wenye mchoro wa kiti cha nyuma, tundu lile lile, kitu kama mto kimewekwa mbele yake, na juu yake alama kubwa ya mkato, mistari miwili iliyopishana. Akafurahi, maana alama hiyo aliifahamu kuliko jina lake. Kwenye reli, mlingoti wa ishara ukipigiliwa mbao mbili zilizopishana, maana yake umefungwa, hautumiki, dereva asiutazame. Basi Wajapani nao walikuwa wanasema hivyo: tundu hili lifungwe, tena kwa kitu laini.

Costancia alikata mwenyewe kipande cha khanga yake ya zamani ya rangi ya machungwa, akakikunja mara nne. Mzee akakisokomeza kwa ncha ya bisibisi mpaka kikakaa vizuri. Ilikuwa Juni, majira ya baridi. Mwezi ule walikwenda Mikumi na kurudi, na Costancia akalala njia nzima. Kwenye daftari Mzee akaandika: tundu la kiti cha nyuma limezibwa.

Miezi ya baridi ikapita salama. Oktoba ikaingia na joto lake.

Kifua kilimbana Costancia saa saba mchana, siku ya Alhamisi, akiwa anachambua mchele. Hakupiga kelele. Alimwita mumewe kwa jina la nyumbani, Baba Goodluck, akaweka mkono kifuani, ikatosha. Devota akapanda nyuma, akampakata mama yake. Gari likawaka mara moja. Mzee aliona fahari, na baadaye fahari hiyo ndiyo iliyomchoma kuliko vingi. Walipokuwa wakitoka kijijini, watu wa barabarani wakawapisha, na yeye akajiambia kwamba kazi ya miezi yote ile ilikuwa kwa ajili ya saa hii.

Jua lilikuwa linaunguza. Vioo walivifunga kwa ajili ya vumbi. Walipokuwa wamekwenda nusu saa hivi, taa nyekundu ya pembetatu ikawaka kwenye dashibodi. Mzee hakuwahi kuiona. Akakanyaga mafuta, gari likakataa kuchanganya mwendo, likapanda kilima kidogo kwa kujivuta, halafu likanyamaza katikati ya barabara. Akalijaribu. Akalijaribu tena. Akafungua boneti, akatazama maji, oili, nyaya, mikanda, na kila alichokitazama kilikuwa safi kama alivyokiacha asubuhi. Kule nyuma pumzi za Costancia zilisikika hadi nje.

Gari jingine halikutokea. Kilichotokea ni pikipiki, mtu na gunia lake la mkaa. Mtu yule alishusha gunia bila kuombwa. Wakamweka Costancia katikati, Devota nyuma akimshika, wakamfunga kwa khanga asianguke. Nafasi ya wanne haikuwepo. Costancia alimtazama mumewe juu ya bega la mwenye pikipiki.

“Usiliache gari lako,” alisema kwa shida, na mdomo wake ulitaka kutabasamu.

Pikipiki ikaondoka. Mzee akabaki na gari na gunia la mkaa la mtu asiyemjua. Alifungua milango yote minne, si kwa ufundi wowote, ila kwa sababu hakujua afanye nini na mikono yake. Akakaa chini kwenye majani. Kiasi cha saa nzima kikapita. Alipoinuka na kubonyeza kitufe, akiwa hana matumaini, gari likawaka. Taa nyekundu iling'ang'ania, lakini gari likaenda. Lilimfikisha mpaka Mikumi bila kukohoa, na njia nzima mzee yule alilia kwa sauti, maana kama lingekuwa bovu kweli lisingeenda.

Alimkuta Devota kwenye benchi nje ya wodi, khanga ya kufungia ikiwa mapajani. Mama yake alikuwa amekata roho kabla pikipiki haijafika lami.

Asubuhi yake, jeneza likiwa bado kwa seremala, Mzee alilipeleka gari kwa Ulimboka, fundi wa umeme wa magari kando ya barabara kuu. Alitaka kulifuata jeneza hadi Zombo, na hakutaka gari lizimike na Costancia akiwa mbele yake mara ya pili. Ulimboka aliuliza lilizimikaje, akasikiliza, kisha akaenda moja kwa moja mlango wa nyuma. Akaingiza koleo kwenye tundu. Kipande cha khanga kikatoka, kimekuwa cheusi kwa vumbi upande mmoja, upande mwingine bado cha machungwa.

“Mzee wangu, nani aliziba hapa?”

Mzee alimwonyesha kijitabu. Ulimboka akaeleza taratibu, bila kumkaripia, kwamba betri kubwa iko chini ya kiti na inavuta hewa hapo. Ikikosa hewa inachemka, na gari linajizima lenyewe lisije likaungua, likipoa linawaka. Kuhusu alama alisema neno moja tu.

“Mkato maana yake usiweke kitu, mzee. Pasizibwe.”

Mzee alishukuru. Alikikunja kile kipande mara nne, kama kilivyokuwa, akakitia mfukoni.

Goodluck alifika Zombo usiku wa kuamkia mazishi, akampa baba yake shikamoo na hapo hapo akaanguka miguuni pake. Aliomba msamaha. Alisema yeye ndiye aliyemuua mama, kwa kuleta gari lililochoka, kilomita laki mbili, wakati angevumilia mwaka mmoja apate lililo jipya kidogo. Wazee wakamtuliza, wakasema Mungu ndiye mpangaji, na wote wakashuhudia kwamba Mzee Bonifas hakubakisha kitu, hakuna gari lililotunzwa hivyo wilaya nzima. Siku tatu za matanga Mzee alinyamaza, na jambo la aibu ni kwamba alipata nafuu. Kila Goodluck alipojilaumu, mzigo ulimpungukia baba kidogo, naye akamwacha aubebe. Alimwona mwanawe hali, halali, anakwenda kusimama mbele ya gari akilitazama kama adui, na bado akanyamaza.

Siku ya kuanua matanga, watu walipokwisha kutawanyika, alimwita chumbani. Daftari lilikuwa mezani, limefunguliwa. Reli ilikuwa na desturi yake: injini ikizimika njiani, fundi huandika ripoti kwa mkono wake, anaanza na jina la aliyekosea, na ripoti haifungwi mpaka mtu wa pili asaini kwamba ameisoma. Mzee alikuwa ameandika yote, tundu, picha, alama, joto, saa ya kuzimika, saa ya kuwaka. Juu kabisa aliandika jina lake. Kipande cha khanga kilikuwa pembeni.

“Gari lako lilikuwa zima, mwanangu,” alisema. “Niliziba mimi.”

Goodluck alisoma mpaka mwisho, akarudia. Alikigusa kile kitambaa, akakitambua.

“Mama alijua?”

“Alikikata yeye. Alisema sasa tutapumzika na ile kelele.”

Kijana hakumlaani baba yake, wala hakumkumbatia. Alichukua kalamu, akaishika muda mrefu, kisha akasaini mahali palipoachwa wazi. Halafu akatoka. Mzee alisikia gari likiwashwa, kisha mlango wake wa nyuma ukifunguliwa na kufungwa. Goodluck alikuwa amejilaza pale alipokuwa akilala mama yake, na jua la saa nane lilikuwa limelipasha gari lote.

Baada ya muda feni ikaanza kuvuma. Ilivuma kwa nguvu, ikasikika mpaka chumbani. Mzee Bonifas aliisikiliza akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, akingoja mtu ailalamikie.