Giaboksi Iliyonuna

Watu wa Ndia Kuu walipenda sana kumsikitikia Mejumaa, naye hakuna alichokichukia kama kusikitikiwa. Polio ilimpitia utotoni ikamwachia mguu wa kushoto mwembamba, usioweza kukanyaga klechi. Kwa hiyo mwaka ule wa 1996, alipotangaza kwamba gari alilorithi pamoja na kakake ataliendesha mwenyewe kwenye mashindano ya mbio fupi, tena kwa gia za otomatiki zisizohitaji kanyagio la klechi, mtaa mzima ulipata la kuzungumza.

"Otomatiki ni ya wazee wendao sokoni," alisema kakake, Abdulhalim. "Injini ile ina nguvu za magari matatu. Utaiyeyusha giaboksi."

"Basi tutaiimarisha, kakangu."

Wakapatana. Giaboksi ikiungua, zitatiwa gia za mkono, na usukani utakuwa wa Abdulhalim.

Fundi Kahindi wa Tononoka alikuwa na giaboksi mbili sakafuni. Moja ilikuwa nyepesi, safi, ya gia nne, imetoka kwenye gari dogo la saluni la Kijapani. Ya pili ilitolewa kwenye pikapu kuukuu: nzito, gia tatu tu, ina kutu na sura ya kununa. Kahindi alipendekeza ile safi. Mejumaa akainama kwa shida, akazishika shafti zote mbili, vyuma vinavyopeleka nguvu magurudumuni, kupima unene wake.

"Nataka hii iliyonuna," akasema. "Mbio zenyewe hazifiki nusu kilomita. Gia ya nne n'taipeleka wapi?"

Kahindi akaongeza pleti za klechi humo ndani, zile sahani zinazoshikana gia inapoingia, akatia shafti ngumu zaidi na rejeta ndogo ya kupozea oili. Kilichobaki kilikuwa springi nene za kuongeza shinikizo la oili, ili pleti zishikane papo hapo bila kuteleza, hata gia ikipiga kwa kishindo. Hizo alisema atazifunga mwenyewe jioni.

Siku ya majaribio gari lilibadilisha gia kwa upole wa ajabu, na upole huo ukamtia Mejumaa wasiwasi. Aliporudi alichomoa kijiti cha kupimia oili akakinusa. Oili iliyotiwa nyekundu ilikuwa sasa nyeusi, inanuka kama mkate ulioungua.

Abdulhalim akanyoosha mkono apewe ufunguo. Mejumaa hakumtazama. Alikuwa akimtazama Kahindi, na Kahindi alikuwa akitazama viatu vyake.

"Fundi, springi zangu ziko wapi?"

Zilikuwa kabatini. Miaka yote Kahindi alisifiwa Mombasa kwa jambo moja: gari likitoka kwake halishtui. Mteja akitikisika kidogo tu, hurudi na ugomvi. "Halafu mguu wako, bi Mejumaa," akasema kwa sauti ndogo. "Niliogopa gia ikipiga utaumia. Nikarudisha zile laini."

Mejumaa alihisi uso ukimwaka. "Nani alokwambia nataka kubembelezwa? Pleti zimeteleza mpaka zikaungua, kwa sababu wewe wanionea huruma!" Akamgeukia kakake. "Giaboksi haikushindwa. Imezuiwa kufanya kazi. Ufunguo sitoi."

Abdulhalim akaurudisha mkono mfukoni. "Nakupa mbio za Jumapili moja tu," akasema.

Pleti mpya zilitiwa. Safari hii Mejumaa alikaa kwenye kigoda akitazama kila springi ikiingia, na boliti ya mwisho akaikaza yeye.

Jumapili ile barabara ya Mbaraki ilifungwa, Mejumaa akapangwa kushindana na Ken wa Ganjoni, mwenye gia za mkono na mdomo mrefu. "Mama, ukichoka pembeni pana kivuli," Ken alimwambia, na watu wakacheka.

Bendera ikashuka. Gia ya pili ilipoingia ilipiga teke la punda, mguu wa kushoto ukaruka ukagonga chuma cha chini ya dashibodi. Maumivu yalipanda hadi nyongani. Akakaza kanyagio la mafuta. Gia ya tatu ikapiga tena, na dirishani Ken alikuwa ameshaachwa nyuma, bado anahangaika na mkono wa gia.

Alivuka mstari peke yake. Alipofungua mlango Kahindi alikuwa amefika mbio, anatweta, macho kwenye goti linaloanza kuvimba.

"Limekuumiza?"

Abdulhalim tayari alikuwa amechomoa kijiti cha oili. Oili ilikuwa nyekundu, safi. Akakipangusa na kukirudisha mahali pake.

"Limeniumiza," alisema Mejumaa, machozi yanamtoka na meno yote nje. "Na ole wake atakayelilainisha."